Nasaha kwa Mjukuu Mwenye Kishikwambi

Mjukuu wangu, juzi ulipofika Ujiji ulinifungulia kishikwambi ukataka niione ramani yako ya kwanza. Nikavaa miwani, nikakitafuta kijiji cha Mwamgongo, sikukiona. Nikatafuta Kagunga, hakipo. Mwambao mzima ulikuwa mtupu, kana kwamba hapajapata kukaa mtu. Ukaisogeza ramani kwenda kaskazini, ukaivuka Burundi, ukaivuka Rwanda, ukapita kandokando ya Uganda, na huko Sudan Kusini, upande wa mji wa Maridi, tukavikuta vijiji vyetu vyote vimejipanga mstari kama watoto wa chekechea wanaosubiri uji. Wewe ulicheka. Mimi nilicheka nusu, maana uliniambia kazi ile umekwisha kuituma.

Kosa lenyewe lilikuwa kialama kimoja cha kutoa. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Ujiji iko latitudo 4.9 kusini, na mashine yako huiandika kusini kwa alama hiyo. Ukiisahau, umeturusha ng'ambo ya ikweta. Ukikosea kwa namna nyingine, alama ukaiweka lakini longitudo ukaiandika mahali pa latitudo, watu wa Ujiji utawatupa Sahara, mpakani mwa Moroko na Algeria, na huko sidhani kama watapata migebuka. Lakini makosa ya namna hii ni ya heri. Yanajitangaza yenyewe, na hata mtoto anajua kwamba Mwamgongo haiko Sudan Kusini. Yaliyonifanya nishike kalamu leo ni makosa yanayokaa kimya.

Chukua mipaka. Ramani za karatasi za serikali, zile za kipimo cha 1 kwa 50,000 ambazo bado zimo makabatini, zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. Kishikwambi chako kinapima kwa msingi mwingine, WGS 84. Namba ni zilezile, lakini ukizisoma kwa msingi usio wake, mahali panasogea karibu mita 300 kwenda kaskazini au kusini. Mtu wa mjini atakwambia mita 300 ni kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani. Kwenye miteremko ya Mtanga au Kigalye, ambako shamba la muhogo huanzia kwenye korongo na kuishia kwenye jiwe, mita 300 ni shamba zima la mtu, na kaburi la babu yake limo ndani. Ukiulaza mpaka wa ramani ya zamani juu ya picha ya satelaiti bila kuuliza msingi wake, umekimega kijiji kimoja ukawapa jirani zake. Wenyewe wataligundua siku ya mkutano, na siku hiyo wewe utakuwa umeshapanda boti ukaondoka.

Tena mkoa wetu una mtego wake wa pekee. Ile longitudo ya nyuzi 30 mashariki, ambayo wapima ardhi huitumia kugawa kanda, inapita katikati yetu. Gombe, Kigoma mjini na Ujiji ziko kanda ya 35. Kasulu na Uvinza ziko kanda ya 36. Mto Malagarasi unapita Uvinza katika kanda ya 36 na kumwaga maji Ziwa Tanganyika katika kanda ya 35. Ukizichanganya bila kusema, mto utakatika vipande viwili visivyojuana. Kwa hiyo kabla hujachora mstari wowote, andika juu ya faili: msingi gani, kanda gani.

Haya niliyajua uzeeni, kwa kuuliza na kuudhi watu. Mimi mwenyewe si mtu wa ramani, nilikuwa karani wa mwalo. Kuanzia ujana wangu mpaka magoti yalipokataa kushuka mchangani, kazi yangu ilikuwa kukaa ufukweni alfajiri na daftari, nivisubiri vipe, vyombo vyetu vya uvuvi, virudi, niandike: mabeseni mangapi ya dagaa, mangapi ya migebuka, chombo cha nani, taa ngapi, wametoka saa ngapi. Watu waliniona mtu wa bahati, nalipwa kwa kukaa. Hawakujua kwamba kazi ngumu kuliko zote katika daftari lile ilikuwa kuandika pale ambapo hapana kitu.

Unajua dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza. Taa ndizo zinazowaita juu, zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa inapoteza nguvu, na vipe hulala nchi kavu siku kadhaa, watu wakishona nyavu na kulala na wake zao. Siku hizo nilikuwa nachora mstari daftarini. Lakini usiku ambao watu wamekesha ziwani, wamechoma mafuta, wakarudi na wavu mtupu, niliandika sifuri. Kwangu mstari na sifuri vilikuwa mbalimbali kama usingizi na kifo.

Ikaja siku madaftari yetu yakachukuliwa yakaingizwe kwenye kompyuta. Ofisi siitaji, wala kijana aliyeifanya kazi simtaji, naye ni mtoto wa watu na alitenda alivyofundishwa. Alikuta mistari mingi, mashine ikamdai namba, akajaza sifuri. Siku zote za mbalamwezi za miaka kadhaa zikageuka siku za kukosa samaki. Wastani ukaporomoka. Tukaletewa taarifa mwaloni kwamba samaki wa kwetu wanakufa kwa kasi kuliko popote, na wavuvi wakaangua kicheko, wakasema huyu aliyeandika hajapata kuuona mwezi.

Uchungu wa kisa hiki hauko kwenye kicheko. Dagaa kweli walikuwa wanapungua! Wazee walikuwa wanalisema, na wataalamu walikuwa wanalipima. Mwaka 2003 watafiti walitoa matokeo yao katika jarida la Nature, wakilinganisha joto la ziwa la miaka ya karibuni na vipimo vya tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Maji ya juu yamepata joto, na maji ya moto hayataki kuchanganyika na ya baridi yaliyo chini. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na duniani Baikal peke yake ndilo linalolizidi. Sehemu kubwa ya kina hicho haina hewa, ni ghala la rutuba lililofungwa. Upepo wa kusini ukivuma miezi ya kiangazi ndio unaokoroga na kuipandisha rutuba juu, vijimea vikale, dagaa wakale vijidudu vinavyokula vijimea, mgebuka naye akale dagaa. Pakiwa na joto zaidi na upepo dhaifu, mlango wa ghala haufunguki vizuri. Watafiti wale walikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea ulishuka kwa takriban asilimia 20.

Sasa waeleze hayo watu waliokwisha kukucheka kwa sababu ya sifuri zako. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaane. Mvuvi wa Katonga au Kibirizi anapoambiwa akae miezi mitatu bila kutia chombo majini, anaambiwa hivyo kwa sababu ya namba. Anayo haki ya kuuliza namba ile ilitoka wapi. Wewe unayeziokota ndiye mwenye ugali wake mkononi. Palipo tupu pabaki tupu, na andika sababu ya utupu: mbalamwezi, tufani, msiba, karani anaumwa. Mimi nilikuwa na siku 11 za malaria mfululizo katika daftari moja, na niliandika malaria.

Nami nina langu, nisije nikaonekana mtakatifu. Kuna wakati beseni za zamani zilitoweka mwaloni zikaja za plastiki, ndogo kidogo. Niliendelea kuandika mabeseni vilevile, kwa zaidi ya mwaka, na hesabu zangu zikapanda kama mkate wa hamira. Nilipogundua niliona haya kusema. Mama mmoja mkaanga dagaa ndiye aliyeniumbua hadharani, akaniletea beseni mbili na maji, akapima mbele ya watu. Tangu siku hiyo, kila ukurasa wa kwanza wa mwezi niliandika beseni ni ya kilo ngapi. Wewe kipimo chako si beseni, ni jipiesi, na yenyewe hukosea mita kadhaa, chini ya miti na korongoni hukosea zaidi. Liandike kosa lake pembeni ya namba yake. Hakuna atakayekudharau ukifanya hivyo.

Halafu kuna ufuko. Ulichora ukingo wa ziwa kwa mstari mmoja wa buluu, mwembamba, mzuri sana. Nikuulize: ni wa siku gani?

Ulipokuwa darasa la nne walikupeleka penye kumbukumbu ya Livingstone, hapahapa Ujiji, ukapiga picha. Stanley alipokutana naye mwaka 1871, ziwa lilikuwa karibu na mji kuliko lilivyo leo. Leo ukitoka pale kwenda majini, unatembea. Sababu iko upande wa pili, Kongo. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga. Msafiri Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umesongwa na mchanga na majani. Miaka michache baadaye, kwenye 1878, maji yakaupasua mlango ule, yakakimbilia mto Kongo, na ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikalipandisha tena. Na wewe mwenyewe umeshuhudia lilivyojaa mwaka 2021, na tena 2024, maji yakiingia kwenye mialo na majumba ya watu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Sheria nzuri. Lakini ukingo wa lini? Mstari wako wa buluu ukiwa wa mwaka wa maji mengi, kuna nyumba utaziweka ndani ya mita 60 ambazo mwenyewe alijenga mbali kwa nia njema. Ukiwa wa mwaka wa ukame, utamruhusu mtu ajenge mahali ambapo mjukuu wake ataamka kitanda kinaelea. Mimi sina dawa ya jambo hili, ni la wakubwa kulikata. Nina ombi moja tu: usichore ufuko usio na tarehe. Na kila mara unapofika kijijini, mwombe mzee akuonyeshe maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko. Atakuonyesha mwembe, au ngazi ya msikiti. Ipime ile ngazi.

Sasa tutoke ufukoni tuingie kwenye miti. Gombe, hifadhi ya sokwe, wengi huiita msitu. Mimi naiita kisiwa. Ina eneo dogo tu, maji upande mmoja na mashamba pande zote zilizobaki. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, aliingia pale Julai 1960, na wakati huo msitu ulikuwa umeshikana na misitu ya nje. Miaka 30 baadaye alipita juu kwa ndege akaona vilima vya pembeni vimenyolewa. Hapo ndipo ulipotoka mradi wa TACARE mwaka 1994, ambao ulianza kwa kukubali kwamba mwenye njaa hawezi kusikiliza habari za sokwe.

Baadaye zikaja picha za satelaiti za kuonekana hadi mti mmojammoja, zikapelekwa vijijini zimechapwa kwenye karatasi kubwa. Waliotegemea kufundisha wakafundishwa. Watu ambao hawajapanda ndege maishani walizitambua njia zao, mito yao, mashamba yao, makaburi. Vijiji 13 vikapanga matumizi ya ardhi yao kwa namna hiyo, vikatenga misitu ya kijiji, na halmashauri za vijiji zikachagua walinzi wa misitu kutoka miongoni mwa watu wao. Walinzi hao ndio kaka zako katika kazi hii. Walikuwa wakitembea na simu za kurekodi mitego, miti iliyokatwa na viota vya sokwe tangu wewe hujaanza shule. Ukikutana na mmoja wao, mwamkie vizuri kabla hujamweleza programu yako mpya.

Picha ya satelaiti usiidharau, lakini usiiamini kama shahidi wa peke yake. Miombo hupukutisha majani kiangazi. Ukilinganisha picha ya Machi na ya Agosti, utatangaza kwamba msitu wa Masito umekatwa wote, kumbe umevua nguo tu. Linganisha mwezi na mwezi wake. Masika mawingu yatakunyima picha, na mwisho wa kiangazi moshi wa mioto utakufifishia. Na zaidi ya yote, wewe ni mtu wa Kigoma, unajua michikichi. Kutoka juu, mchikichi mkubwa na mti wa msituni vyote ni kijani. Mashine iliyofundishwa mbali itauita msitu mahali ambapo bibi yako anakamua mawese. Hapo hakuna dawa ila miguu.

Kwenda wenyewe ndiko kulikomaliza ubishi wa mto Rusizi. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858 wakitafuta chanzo cha Nile, wakapiga makasia hadi Uvira. Wenyeji wakawaambia wazi kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Mdomo wenyewe hawakuufikia, na miaka ikapita huko Ulaya mabwana wakibishana juu ya ramani walizochora wamekaa vitini, wengine wakiutoa mto ziwani kuupeleka Misri. Mwishoni mwa 1871 Livingstone na Stanley wakatoka hapahapa Ujiji kwa mtumbwi, wakafika, wakauona mto unaingia. Miaka 13 kuthibitisha walichoambiwa siku ya kwanza! Usiwe Burton. Ukiambiwa jambo na mwenyeji, liandike kuwa umeambiwa, na nani, halafu nenda kaangalie.

Sasa utunzaji, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari nalo hupotea. Kuanzia Kagunga hadi vijiji vya chini ya Mahale, safari yako ni ya boti na mtandao unakuja ukipenda. Jaza kazi ndani ya kifaa, usingojee mnara. Kila jioni toa nakala kwenye kidude kingine, na kidude hicho kisikae begi moja na kishikwambi, kwa kuwa begi likizama vimezama vyote. Beba penseli na daftari. Wino ukilowa unakimbia, penseli hailijali ziwa.

Andika kwa Kiswahili pia. Najua ofisi inataka Kiingereza. Lakini kumbuka Mei 1975, watu wenye silaha walipovuka ziwa kutoka Zaire usiku, wakateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Waliachiwa baadaye, lakini wageni wakaondoka. Waliobaki msituni wakiwafuata sokwe kila siku ni wasaidizi wa Kitanzania, wengi wao watoto wa vijiji hivi, wakijaza fomu kwa Kiswahili. Kama kazi ile ingekuwa inajulikana kwa wageni peke yao, ingekatika mwaka ule. Zanzibar nao walilijua hilo: kuanzia 2016 walipopiga picha Unguja na Pemba kwa droni, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ndio waliofundishwa kuzirusha.

Si kila nukta ni ya kuonyesha watu wote. Mazalia ya samaki kuhe, viota vya sokwe, mahali pa matambiko ya Watongwe, mti wa dawa ambao mganga alikuonyesha kwa kukuamini, hivyo ukivitundika hadharani umemchorea njia jangili. Majina na simu za watu ndio usithubutu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kabla ya sheria kulikuwa na aibu. Lakini usigeuze siri kuwa kisingizio cha kuwanyima wenyewe. Kijiji ulichokipima kipelekee ramani yake, imechapwa, imepigwa plastiki, ikae ukutani ofisini kwa mtendaji. Mara tatu katika maisha yangu walikuja watu wakachukua hesabu zangu wakaahidi kurudi. Nimeshazeeka nikiwasubiri.

Basi njoo Ijumaa baada ya swala, uje na kishikwambi chenye chaji. Madaftari yangu yamo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ufunguo anao bibi yako. Yapige picha ukurasa kwa ukurasa, mistari ibaki mistari. Anza na lile la 1987, mchwa wameshafika mwezi wa tatu.